Siku Sita Zlín, Mji wa Viatu

Jumatatu

Kabla ya kupanda treni Prague nilimpigia baba simu. Yuko Kisauni, Mombasa, na amestaafu siku nyingi. Miaka 22 ya nguvu zake aliitumia Limuru, kwenye kiwanda cha Bata. Mtu wa pwani aliyezoea jua na chumvi akaenda kuishi kwenye ukungu, akawa anarudi nyumbani mara mbili kwa mwaka na mfuko wa viatu vya shule begani. Kazi yake ilikuwa kuwamba ngozi juu ya kalibu, yaani lile guu la mbao linalokipa kiatu umbo kabla hakijatiwa soli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje huko?"

"Salama. Leo naelekea Zlín, ilikoanzia Bata."

Akanyamaza kidogo. "Wazee wa kiwandani walikuwa wakisema kilianza kando ya mto. Hebu niangalizie huo mto ukoje."

Nimeliandika ombi hilo ukurasa wa kwanza wa daftari, juu kabisa.

Kutoka Prague hadi Otrokovice ni kama saa tatu kwa treni, mashariki kabisa mwa Jamhuri ya Czech, kwenye nchi inayoitwa Moravia. Ukipita Olomouc ardhi inalala tambarare, nyeusi na yenye rutuba, mahindi yakisubiri kuvunwa. Otrokovice nikashuka, nikaingia treni ndogo ya Zlín. Reli hii ilifunguliwa 1899, na mwaka uliofuata Tomáš Baťa akahamishia karakana yake karibu na stesheni. Alijua ngozi italetwa na nini na viatu vitaondoka na nini.

Jina lenyewe wanaliandika Baťa, na hiyo ť yenye alama hutamkwa karibu na "tya". Sisi watoto tuliamini viatu vile vimepewa jina la ndege anayeogelea bwawani, na hakuna mtu mzima aliyetusahihisha. Leo nimemsikia mzee kwenye behewa akilitaja jina hilo kama unavyotaja jina la jirani, nikakumbuka kwamba lilikuwa jina la mtu. Tomáš alizaliwa hapa Zlín 1876, katika ukoo wa washona viatu. Mwaka 1894 yeye, kaka yake Antonín na dada yao Anna walifungua karakana kwa fedha za urithi wa mama yao. Mwaka mmoja baadaye walikuwa wamejaa madeni. Kilichowanusuru kilikuwa kiatu chepesi cha turubai, bei nafuu, ambacho mtu wa kipato cha chini aliweza kukinunua. Nikifikiria raba nilizovaa shule ya msingi, naona ukoo wake.

Nimefika alasiri. Kutoka stesheni unaona kwanza majengo ya kiwanda, moja nyuma ya jingine kama vitabu kwenye rafu. Yote ni ya sura moja: nguzo za zege, tofali nyekundu katikati, madirisha mapana. Ukigeuka unaona vilima vya kijani na nyumba ndogo za tofali hizo hizo zimetapakaa kati ya miti. Mto sijauona. Kiwanda kimekaa kati yake na mji.

Jumanne

Siku nzima kiwandani, ingawa viatu havitengenezwi tena humo. Sasa mna ofisi, shule, maduka, maghala, na baadhi ya majengo yamesimama tupu yakisubiri mwenyewe.

Majengo yana namba badala ya majina, na namba zenyewe zinasomeka: tarakimu ya kwanza ni safu, ya pili ni nafasi ya jengo ndani ya safu. Jengo la 14 ni la nne katika safu ya kwanza. Mtu mgeni hapotei. Nilijaribu jambo jingine nililosoma kabla ya safari, nikatembea ubavuni mwa jengo moja nikihesabu nafasi kati ya nguzo na nguzo. Ziko 13. Kila nafasi ni mita 6.15, na ukizidisha unapata karibu mita 80, urefu uliokuwa wa kawaida kwa majengo ya humu. Kipimo hicho kimoja kilirudiwa kiwandani, shuleni, hotelini, hospitalini. Sababu ilikuwa ya kifundi: kalibu za kumwagia zege zilitumika tena na tena, vyuma vilikatwa kwa urefu mmoja, na mafundi walijua kazi kabla hawajaianza. Msanifu František Lydie Gahura, mzaliwa wa hapa, alisimamia sehemu kubwa ya mpango huo, na baadaye akaja Vladimír Karfík, aliyekuwa amefanya kazi Ufaransa na Marekani.

Baba aliniambia zamani kwamba kiatu kizuri huanzia kwenye kalibu, si kwenye ngozi. Ngozi nzuri juu ya kalibu mbovu itakuumiza. Nikiwa nimesimama pale na hesabu yangu ya nguzo nilielewa kwamba mji huu nao umewambwa juu ya kalibu moja.

Jengo la 21 ni la Karfík. Lilikamilika 1938, lina urefu wa zaidi ya mita 77, na wakati huo lilikuwa miongoni mwa majengo marefu kabisa Ulaya. Leo ni ofisi za serikali ya mkoa na kodi. Watu huja kwa ajili ya lifti mbili. Ya kwanza haina milango na haisimami: vyumba vidogo vya mbao vinapanda upande mmoja na kushuka upande mwingine bila kukoma, nawe unasubiri sakafu ilingane na mguu wako, unaingia. Makarani wanaingia na mafaili mikononi bila hata kutazama chini. Mimi niliacha vyumba vitatu vipite kabla sijathubutu.

Ya pili ni ofisi. Chumba kizima cha mita sita kwa sita, chenye meza, simu, madirisha na sinki la kunawia lenye maji yanayotiririka, kinachopanda na kushuka kona ya jengo. Kilijengwa kwa ajili ya Jan Antonín Baťa, ndugu wa kambo wa Tomáš aliyeshika uongozi baada yake, ili mkurugenzi afike kila ghorofa pasipo kuondoka kwenye kiti. Niligusa lile sinki. Mafundi waliumiza kichwa kweli kupata namna ya kuleta maji kwenye chumba kinachotembea. Na mwenyewe hakukitumia sana, kwani Machi 1939 Wajerumani waliivamia nchi, na mwaka huo huo akaondoka kwenda Marekani, kisha Brazili, alikofia 1965.

Juu ya paa unaona bonde lote. Nilitafuta mto. Nikaona mstari wa miti tu.

Mchana niliingia jumba la makumbusho lililo kwenye majengo ya 14 na 15. Kuna ghorofa ya viatu vya dunia nzima, na mashine za kiwandani zimepangwa kwa utaratibu wa kazi: kukata, kushona, kuwamba, kutia soli. Mbele ya kalibu za mbao nilikaa muda mrefu. Zimeng'aa pale kisiginoni, mahali mkono unapozishika. Mikono ya baba ina sugu mahali hapo hapo, kati ya kidole gumba na cha shahada.

Sehemu nyingine ya jumba ni ya wasafiri Jiří Hanzelka na Miroslav Zikmund. Mwaka 1947 walitoka Prague na gari la Tatra 87 lenye mgongo wa samaki, wakaivuka Afrika kutoka kaskazini mpaka kusini, wakipita na kwetu Kenya. Zikmund aliishi Zlín hadi alipofariki 2021 akiwa na miaka 102. Picha zao za Afrika nimeziangalia kwa hisia mbili. Kuna udadisi wa kweli ndani yake, na kuna jicho la zama zile, linalomtazama Mwafrika kama sehemu ya mandhari.

Jumatano

Mvua tangu alfajiri. Nimebaki Letná, kwenye nyumba niliyopanga chumba, nikiongea na mama mwenye nyumba. Mjukuu wake alitutafsiria.

Nyumba ni nusu ya nyumba ya Baťa. Tofali nyekundu, paa bapa, mlango mmoja mbele. Chini kuna jiko, sebule na bafu. Ngazi nyembamba mno inapanda kwenye vyumba viwili vya kulala. Ziko za aina hii zaidi ya 2,000 mjini, nyingine zimesimama peke yake, nyingine ni mbili au nne zilizoshikana. Ziliwekwa kwenye nyasi bila uzio. Tomáš alitaka wafanyakazi wake wafanye kazi pamoja lakini kila familia iishi kwake, na mtu mwenye bafu ndani ya nyumba, miaka ya 1920, alikuwa mtu aliyebahatika. Zlín ya utoto wake ilikuwa na watu wasiofika 5,000. Miaka ya 1930 ilipokaribia mwisho walikuwa wameongezeka mara kadhaa.

Habari ya 1922 ndiyo wanayoisimulia zaidi. Nchi changa ya Czechoslovakia iliimarisha sarafu yake, bidhaa za nje ya nchi zikakosa wanunuzi, viwanda vikafungwa. Baťa akatangaza kwamba kuanzia Septemba 1 bei za viatu vyake zimekatwa nusu. Tangazo lake lilichora ngumi kubwa ikiliponda neno "ughali" kwa Kicheki. Watu wakamiminika madukani. Nani alilipia punguzo lile? Wafanyakazi walikatwa mishahara kwa asilimia 40, nao wakauziwa chakula, nguo na kuni na kampuni kwa nusu ya bei. Kiwanda kikapona, na mwaka uliofuata Tomáš akachaguliwa meya wa mji. Alibaki meya hadi kufa kwake.

Nilimwuliza mama mwenye nyumba anaonaje. Hakukimbilia kujibu. Mama yake aliingia kiwandani akiwa msichana, alisema, na alikuwa akisimulia mambo mawili kila mara: kwamba hakuwahi kulala njaa, na kwamba hakuwahi kusema neno mbele ya msimamizi bila kulipima. Kampuni iliijua nyumba yako, iliijua hospitali unakotibiwa, ilijua mtoto wako anasoma wapi. Vyama vya wafanyakazi havikukaribishwa. Ukifukuzwa kazi, nyumba nayo imekwenda.

Nadhani kauli hizo mbili za marehemu zinabeba mji huu kuliko maelezo yote niliyosoma makumbusho. Wanaomsifu Baťa huichukua ya kwanza, wanaomlaumu huichukua ya pili. Yule mama alizisema zote kwa pumzi moja, kwa sababu aliishi ndani ya zote.

Mama mwenye nyumba alizaliwa 1950. Akaleta vyeti vya kuzaliwa, chake na cha dada yake wa 1947. Cha dada kimeandikwa Zlín. Chake kimeandikwa Gottwaldov. Nyumba ile ile, chumba kile kile cha juu. Kiwanda kilitaifishwa Oktoba 1945, Wakomunisti wakashika dola 1948, na Januari 1, 1949 mji ukapewa jina la Klement Gottwald, rais wao wa kwanza. Kampuni ikaitwa Svit. Kwa miaka 40 jina la Baťa halikutakiwa midomoni, ingawa watu walilala ndani ya nyumba zake na kuamkia viwanda vyake. Yeye mwenyewe alishona sehemu za juu za viatu Svit miaka 30, viatu vingi vikienda Urusi.

Nilimwambia habari za baba. Aliinuka, akaenda mlangoni, akarudi na kiatu changu cha kulia. Akakipindua, akaikunja soli, akapitisha ukucha kwenye mshono taratibu hadi mwisho, kisha akasema kitu na mjukuu akacheka: mshono ni mzuri lakini gundi ni ya wavivu. Baba angesema hayo hayo. Amekuwa akivikagua viatu vya wageni wote wanaovua barazani kwetu tangu nikiwa mdogo.

Alinikatia frgál, mkate bapa wa duara mkubwa kuliko sinia, umepakwa rojo nzito ya mapea yaliyokaushwa na kunyunyiziwa siagi na unga. Nilikula vipande vitatu.

Alhamisi

Jua limerudi. Nimepanda kutoka Uwanja wa Kazi, ndilo jina lake, kwenye mteremko mpana wa nyasi wenye mabweni pande zote mbili. Humo waliishi vijana wa shule ya kazi ya Baťa, iliyofunguliwa 1925. Waliingia wakiwa na miaka 14, mchana kiwandani, jioni darasani, wakijilipia chakula na malazi kutoka mshahara wao wenyewe. Ukutani mwa kiwanda palikuwa na maandishi makubwa: siku ina sekunde 86,400. Mtoto wa miaka 14 asome hayo kila asubuhi.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Emil Zátopek. Sisi tunaotoka nchi ya wakimbiaji yatupasa kulijua jina lake. Hakuwa na nia ya kukimbia. Mwaka 1941 kocha wa kampuni alimlazimisha aingie mbio za hapa mjini. Alijitetea kuwa ni mgonjwa, akapelekwa kwa daktari, daktari akasema mzima. Akaja wa pili. Miaka 11 baadaye, Helsinki 1952, alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja, jambo ambalo mpaka leo hakuna aliyelirudia.

Juu ya mteremko kuna kumbukumbu ya Tomáš Baťa, kazi ya Gahura, 1933. Ni sanduku refu la kioo na zege, nguzo nyembamba, kipimo kile kile cha kiwandani, lakini bila tofali hata moja. Ndani hamna kitu isipokuwa ndege moja inayoning'inia: nakala ya Junkers F 13. Alfajiri ya Julai 12, 1932 Tomáš alifika uwanja wa ndege wa Otrokovice akitaka kwenda Uswisi. Ukungu ulikuwa mzito. Ndege ikapaa, ikaanguka muda mfupi baadaye, akafa yeye na rubani wake Jindřich Brouček. Alikuwa na miaka 56. Ukisimama chini ya ile ndege asubuhi, mwanga unaingia kutoka pande zote nne na huoni kivuli chako. Wakati wa Wakomunisti jengo hili lilikatwakatwa ndani likafanywa ukumbi wa sanaa na muziki, na limerudishwa kwenye hali yake ya kwanza 2019. Walivyofanya vyema kuliacha tupu.

Kaburi lake liko kwenye makaburi ya msituni, upande wa kusini. Misonobari mirefu, makaburi yametawanyika chini yake kama watu waliopumzika. Nimesoma dua fupi, kwa wote.

Hospitali aliyoijenga 1927 ingali inafanya kazi na jina lake. Miongoni mwa madaktari wake wa miaka ya 1930 walikuwamo Wayahudi, na hatari ilipokaribia kampuni iliwahamishia kwenye matawi yake ya ng'ambo. Familia moja ilipelekwa Singapore ikiwa na mtoto wa kiume aliyezaliwa Zlín 1937, ambaye dunia ilikuja kumjua kama mwandishi wa tamthilia Tom Stoppard. Baba yake, daktari, hakuiona nchi yake tena. Alifariki vitani Asia. Wayahudi wengi wa Moravia hawakupata tiketi ya namna hiyo.

Ijumaa

Leo ndiyo siku ya maji. Nimekodi baiskeli na hatimaye nimeuona mto Dřevnice.

Unapita nyuma ya kiwanda, kati ya tuta mbili zilizonyooshwa, mto mwembamba wa rangi ya chai. Urefu wake wote haufiki kilomita 50, kutoka vilima vya Hostýn hadi Otrokovice. Mahali pengine mtoto angeuvuka na maji yasimfike magotini. Nimeufuata kuelekea magharibi kwa njia ya baiskeli, mabasi ya umeme yenye mikono ya kushika nyaya yakipita barabarani. Yalianza Zlín 1944, na yanaunganisha miji hii miwili.

Otrokovice ndiko Dřevnice inakoingia mto mkubwa, Morava. Palikuwa bwawa na mafuriko. Kiwanda cha ngozi kinataka maji mengi, na Zlín hapakutosha kwa maji wala nafasi, kwa hiyo kampuni ikaamua kujenga hapa. Ili kuinua ardhi walikibomoa kilima cha jirani kwa mipira ya maji yenye nguvu na kuutiririsha udongo wake bondeni. Juu ya udongo huo wakaweka viwanda, nyumba na uwanja wa ndege. Ndege za Zlin, ambazo marubani wengi duniani walijifunzia, zinatoka hapa. Matairi ya Barum nayo yanatoka hapa, na herufi mbili za mwanzo za jina hilo ni za Baťa.

Lakini mto haukusahau mahali pake. Julai 1997 mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo Moravia, matuta yakazidiwa, na mtaa wa Baťov hapa Otrokovice ukazama. Maji yaliyoingia hayakuweza kutoka, kwa kuwa matuta yale yale yaliyowekwa kuyazuia yaliyashikilia ndani, ikabidi yavutwe kwa pampu. Nchi nzima walikufa watu karibu 50. Mwanamume aliyenikodisha baiskeli alikuwa na miaka tisa wakati ule. Alinionyesha kwa mkono, juu ya fremu ya mlango wa duka lake, maji yalipofika. Kisha akashusha mkono, akaendelea kuijaza tairi upepo.

Kutoka hapo kuelekea kusini kuna mfereji wa Baťa. Ulichimbwa 1934 hadi 1938, zaidi ya kilomita 50, baadhi ya sehemu zake ni mto Morava wenyewe na nyingine zimechimbwa. Kazi yake ilikuwa kuleta makaa ya mawe laini kutoka Ratíškovice hadi mitambo ya umeme ya Otrokovice, na pia kumwagilia mashamba njiani. Mashua zilivutwa na farasi waliotembea ukingoni, baadaye matrekta. Vita vilipopita hapa 1945 milango ya maji iliharibiwa. Mfereji ulitengenezwa, ukafanya kazi miaka kadhaa, kisha ukaachwa kwa matete hadi miaka ya 1990 watu walipoufufua kwa ajili ya utalii.

Huko Spytihněv nilipanda mashua ndogo pamoja na familia moja ya watu wanne. Kwenye milango ya maji unaingia chumba cha zege kisicho na paa, mlango unafungwa nyuma yako, nawe umesimama chini ya kisima. Maji yanaanza kuingia bila kelele. Kuta zilizoloa zinashuka, mashua inapanda, kwanza unaona mwavuli wa mtu, kisha uso wake, kisha magoti, kisha unakuwa sawa naye. Mlango wa mbele unafunguka. Haikuchukua hata robo saa. Mtoto wao mdogo alitaka turudi chini tupande tena, na kusema kweli hata mimi.

Kwenye maji yale yaliyotulia, nikitazama korongo mmoja wa kijivu ukingoni, niliwaza kwamba huu ndio upande wa Baťa ninaoukubali bila kusita. Wanaviatu waliohitaji makaa wakachimba mto, na mto huo ukawapa wakulima maji pia.

Jumamosi

Treni ni saa sita mchana. Asubuhi nimerudi mtoni, mahali daraja linapoingia kiwandani kutoka kaskazini.

Novemba 20, 1944 ndege za Marekani zilidondosha mabomu hapa, sehemu kubwa ya kiwanda ikaungua. Kikajengwa tena. Desemba 1989, utawala wa Wakomunisti ulipoanguka, Thomas mdogo, mwana wa Tomáš, ambaye alikuwa ameijenga upya kampuni kutoka Kanada, alirudi akiwa mzee wa miaka 75. Mama mwenye nyumba alikuwa kwenye umati. Alisema uwanja ulijaa hadi hapakuwa na pa kuweka mguu, na watu wazima walikuwa wakilia. Siku chache baadaye, Januari 1, 1990, mji ukarudishiwa jina lake. Watu waliamini viatu vitarudi pamoja na jina. Havikurudi. Svit ilifilisika 2000, na mwaka uliofuata mji ukapata chuo kikuu kinachoitwa Tomáš Baťa. Mjukuu wa mwenye nyumba anasoma hapo. Hajawahi kushona hata kifungo, bibi yake alisema, na hakusema kwa uchungu.

Nikaushusha mkono majini. Baridi. Chini kulikuwa na vipande vya tofali nyekundu vilivyolainishwa na maji hadi vikawa mviringo kama sabuni iliyotumika. Nikapiga picha, ya mto na ya tofali, nikamtumia baba. Akanipigia mwenyewe.

"Ndio huo?"

"Ndio huo, baba."

"Huo wote?"

"Huo wote. Naweza kuuvuka bila kuvua viatu."

Nilimsikia akiisogeza simu karibu na macho, pumzi yake ikawa kubwa sikioni mwangu. Nyuma yake mwadhini wa msikiti wetu alikuwa anaanza.

"Mimi miaka yote nikidhani ni kama Tana," alisema. "Hebu piga nyingine, uonyeshe na lile dirisha la kiwanda. Hayo madirisha nayajua."